Pombe ya Kuposea

Celestini alipofunua majani ya mgomba, wote walisogea wakainama kutazama. Ndani ya mtumbwi wa kuchachushia pombe maji ya ndizi yalikuwa yametulia tuli, ya manjano, na ungeweza kuutazama uso wako humo ukachana nywele. Povu hakuna. Ule mchemko mdogo mdogo, ambao pombe ikikaa vizuri unausikia hata kabla hujavuka kizingiti, nao hakuna. Mzee huyo alichovya kidole, akalamba, akakunja uso. Ilikuwa tamu. Na pombe iliyolala mtumbwini muda wake wote ikaamka bado tamu, hiyo si pombe, ni kinywaji cha watoto.

"Imekataa," alisema.

Ingekuwa pombe ya hivi hivi, ya kuuzia walevi wa Jumamosi, watu wangecheka wakaenda zao. Lakini hii ilikuwa ya kuposea. Renatus, kitinda mimba wa Ildefonsa, alikuwa amekubaliana na Joan, binti Bigirimana wa Lukole, na wakwe walishaambiwa wakae tayari. Kijijini kwao Murukulazo soda utanunua, mchele utanunua, hata kreti za bia utanunua ukitaka kujionyesha. Pombe ya kuposea hainunuliwi. Hutoka kwenye mtumbwi wa mama wa kijana, kwa ndizi za shamba lake, na mama mwenyewe huionja wa kwanza mbele ya wakwe, wote wakimtazama koo. Anayeonja anaapa mambo mawili kwa funda moja: kwamba haina sumu, na kwamba nyumbani alikotoka hakuna mwenye fundo moyoni. Kwa maana tangu shimo la kuivishia ndizi linapochimbwa, mtu wa nyumba hiyo haruhusiwi kulala na kinyongo. Akizishika ndizi na moyo wenye fundo, pombe itakataa. Ndivyo wazee walivyosema, na wazee nao waliambiwa na wazee wao, na hakuna aliyekuwa na ujuvi wa kuuliza yule wa kwanza alijuaje.

Ildefonsa alikuwa amesimama nyuma ya Celestini, shemeji yake, mikono ameificha ndani ya kitenge. Yeye alijua kilichoiua pombe ile.

Tangu homa iliyompata masika, pua yake ilikuwa imekufa. Hakumwambia mtu. Mwanzoni alidhani ni mafua, kisha akangoja, kisha akazoea kudanganya: akipita jikoni anasema maharage yananukia, akipewa kichanga anamnusa shingoni na kutabasamu. Ungemwonea huruma, lakini na yeye alikuwa na kiburi chake. Mwanamke aliyekuwa akiitwa mpaka Benaco kwenda kunusa shimo la ndizi na kusema fukueni leo au ngojeni kesho, mwanamke huyo ataanzia wapi kusema kwamba sasa hasikii hata harufu ya zizi la mbuzi? Kwa hiyo siku alipouvuta mtumbwi wake kuuandaa kwa ajili ya Renatus, akakuta chini ya majani makavu panya aliyekufa zamani, funza wameshamaliza karamu, kilichomtisha hakikuwa panya. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa akipita pale asubuhi na jioni bila kusikia kitu.

Mtumbwi hauoshwi. Murukulazo hata mtoto anajua. Hufutwa kwa majani ya mgomba ukaachwa na uchachu wake, kwa sababu uchachu ule uliozama ndani ya mbao ndio unaoiamsha pombe. Mtama wa kukaanga huja kusaidia tu. Mtumbwi wa Ildefonsa ulikuwa wa mama mkwe wake, na kabla yake wa mama mkwe wa huyo mama mkwe. Alijua hayo kuliko watu wote. Lakini watu wangesema nini? Mtumbwi una mzoga, na mwenye mtumbwi hana pua. Akachemsha maji, akayatia sabuni ya unga, akausugua kwa gunzi mpaka mbao zikawa nyeupe. Panya alimtupa chooni. Akajiambia kwamba mti wa umri ule hauwezi kufa kwa maji ya mara moja. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ila safari hii kilio kilimuumbua mtu mwingine.

Celestini aliuliza kama desturi inavyotaka: nani hapa ana fundo. Aliuliza kwa upole, akimpitia mmoja mmoja kwa macho. Alianza na Renatus, ambaye alishaiona harusi ikimponyoka. Akaja kwa Frednand, kaka mtu. Akafika kwa Nice, mke wa Frednand, aliyekuja kuolewa pale kutoka Nyakahura, upande wa Biharamulo, na hapo macho yakatua. Sababu ilikuwepo, tena nono. Nice ndiye aliyelifyeka lile shamba la bondeni, akang'oa matete kwa mikono yake, akapanda maharage yakakubali; kisha wakubwa wakaamua kwamba shamba hilo apewe mke wa Renatus atakapokuja. Siku alipoambiwa, alijibu mbele ya watu kwamba sawa tu, yeye atakuwa analima hewani. Siku hiyo watu walicheka. Sasa hakuna aliyecheka.

"Sina fundo, baba," alisema Nice. "Nilikasirika, nikasema, ikaisha. Ningekuwa na fundo ningenyamaza."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yenye akili kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile, na hayakumsaidia kitu. Frednand alimwambia mkewe asiwajibu wakubwa. Celestini alieleza kwamba hakuna anayemfukuza mtu, ni desturi: mwenye fundo hurudi kwao moyo ukapoe, ndizi nyingine zinatiwa shimoni, na mambo ya wakwe yakishapita wazee watakwenda Nyakahura kuzungumza. Wote walijua kuzungumza kwa wazee kunavyoweza kula misimu. Walijua pia kwamba mke ambaye hajapata mtoto, akirudishwa kwao kwa neno kama hilo, njia ya kurudi mara nyingi huota nyasi.

Kisha wakamgeukia Ildefonsa, kwa sababu neno la mama wa nyumba lingeweza kulizuia jambo lile palepale. Alifungua kinywa. Maneno yalikuwa karibu, tena machache. Akauona uso wa Renatus. Akawawazia wanawake wa jumuiya wakisimuliana bombani, wakishika pua zao kwa kumdhihaki. Akasema, "Desturi ni desturi," na sauti ikamtoka nzuri kabisa, ya mtu mwenye haki. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, jinsi sauti ile ilivyotoka nzuri.

Alimsindikiza Nice yeye mwenyewe hadi barabarani. Aling'ang'ania kubeba mkoba, Nice akang'ang'ania kumnyima, mwishoni wakaushika wote wawili, kila mmoja mkono wake, wakatembea hivyo kama watu wanaopeleka mgonjwa zahanati. Ildefonsa alizungumza bila kituo. Alizungumza juu ya mvua, juu ya mnyauko ulioingia kwenye migomba ya jirani, juu ya nauli za bodaboda. Alikuwa anaogopa kimya. Nice aliitikia kila inapopasa, ndiyo mama, ni kweli mama, na pikipiki ilipokuja akapanda, akaweka mkoba mapajani, akajifunga kitenge vizuri, kisha akainama kidogo kwa mkwewe ili dereva asisikie.

"Mama, ule mtumbwi usiuache juani," alisema. "Mbao zimekauka kwa yale maji ya moto. Utapasuka."

Pikipiki ikaondoka na vumbi lake. Ildefonsa alibaki amesimama kando ya barabara mpaka mtu mmoja aliyepita na baiskeli akamuuliza kama anangoja gari. Alisema ndiyo, anangoja gari.

Nice alijua. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Pengine alimwona akichemsha maji, pengine aliisikia harufu ya sabuni kwenye mbao, yeye mwenye pua nzima. Alisimama mbele ya Celestini, mbele ya mume wake mwenyewe, neno lile akiwa nalo ulimini, akalimeza. Kwa nini? Ildefonsa aliligeuza swali hilo njia nzima. Labda ni heshima. Labda ni huruma, na huruma ya mtu uliyemdhulumu ni mbaya kuliko matusi. Au labda Nice alipima tu, kwa ile akili yake ya haraka, akaona, kati ya neno la mke wa kuja na neno la mama wa nyumba, lipi lingesikilizwa. Kwa vyovyote vile mtoto wa watu alikuwa amemtunzia siri, naye alikuwa amemlipa kwa kumsindikiza.

Jumapili alikwenda misa kama kawaida. Padre alipowaongoza kuungama, na kanisa zima likasema nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana, Ildefonsa alijipiga kifua polepole, kama mtu anayebisha hodi mahali ambapo anaomba asiwakute wenyewe. Wakati wa komunyo alibaki kwenye benchi. Jirani yake alimuuliza kwa jicho, naye akajishika mgongo. Hata mgongo wake ukawa umesingiziwa.

Nyumbani Frednand alikuwa amepungua. Alikula kidogo, akatoka, akarudi, akauliza chumvi iko wapi, akauliza kibiriti kiko wapi, vitu ambavyo hakuwahi kuhitaji kujua. Hakumtaja mkewe. Wakati fulani Ildefonsa alimkuta amesimama kwenye shamba la bondeni, anapalilia maharage ya Nice, anapalilia vibaya, anang'oa na yasiyong'olewa. Alitaka kumwita. Akarudi zake juu.

Ndizi za pili zilitiwa shimoni, zikaiva. Safari hii Ildefonsa hakuacha kitu kwa bahati. Alikwenda kwa Domisiana, mtengeneza pombe mwenzake wa upande wa pili wa kilima, akaomba machicha ya pombe yake bakuli moja, akidai ni ya kulishia kuku, akayapaka ndani ya mtumbwi kila ufa, akaufunika ukae. Vijana wakaponda ndizi kwa nyasi, wakakamua, wakachuja, mtama ukatiwa. Na pombe ikaamka! Ikachemka na povu lake, ikaimba mpaka kuku wakawa wanauzunguka mtumbwi kwa mashaka. Celestini alipofunua majani alicheka kwa furaha, akampiga Renatus begani.

"Mmeona?" alisema. "Fundo limeondoka, pombe imekubali."

Majirani wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ushahidi gani tena mtu autake? Frednand alisikiliza, akatazama chini, na Ildefonsa akaona wazi jinsi mwanawe alivyokuwa anaanza kuamini. Mpaka asubuhi ile alikuwa na shaka kidogo, shaka iliyompeleka shambani kupalilia vibaya. Sasa pombe ya mama yake ilikuwa imemwondolea. Alichokuwa amekifanya Ildefonsa kwa kunyamaza, mtumbwi ulikuwa umekitia muhuri. Aliomba udhuru, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, akashika shina moja akalia bila sauti, kwa hasira, maana hata kulia kwake kulikuwa kwa kujificha.

Lukole waliwapokea vizuri. Bigirimana alikuwa mtu mkavu, wa maneno ya kupimwa, mwenye kofia ambayo hakuivua hata kwenye kivuli. Wakwe walikaa upande wao, wageni upande wao, mtungi ukawekwa katikati na mirija yake. Celestini alisema maneno ya kuomba, mazuri, ya kuzunguka na kurudi. Bigirimana akajibu ya kwake. Joan alipita mara moja na sahani ya karanga, macho chini, na Renatus akasahau kutafuna. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama kinavyopaswa kwenda. Kisha Bigirimana akauliza swali ambalo huulizwa siku zote, na jibu lake hujulikana kabla halijaulizwa.

"Nyumba yenu iko salama? Hakuna mwenye fundo?"

"Hakuna," alijibu Celestini, na akampisha Ildefonsa aonje.

Alipiga magoti mbele ya mtungi, akatia mrija mdomoni. Watu walimtazama koo. Ilikuwa rahisi mno: kuvuta, kumeza, kuinuka, vigelegele. Alijaribu. Akavuta kidogo, pombe ikapanda kwenye mrija, akaihisi inakaribia meno, akaiachia irudi ilikotoka. Watu wakaona mashavu yanafanya kazi na koo halifanyi. Alijaribu tena. Mama wa Joan akajisogeza kwenye mkeka.

Ildefonsa akautoa mrija, akauweka juu ya goti.

"Pombe hii ni ya pili," alisema. "Ya kwanza ilikataa, tukamrudisha mkwe wangu kwao, tukisema ana fundo. Hana. Ya kwanza niliiua mimi. Panya alifia mtumbwini na mimi sikusikia harufu, pua yangu imekufa tangu masika. Nikaona haya. Nikauosha mtumbwi kwa maji ya moto na sabuni, na pombe ilipokataa nikamwacha abebe yeye. Mwenye fundo ndiye huyu mliyempa mrija."

Mwanamke mmoja upande wa wakwe aliposikia habari ya panya alitema mate kando, taratibu, kwa adabu. Celestini alikuwa anazitazama kandambili zake. Renatus alifumba macho, na hakuyafumbua kwa muda, kama mtu anayengoja sindano imalizike. Frednand aliinuka. Alimtazama mama yake, akatoka nje ya ua. Huko wakamsikia akizunguka, anakwenda na kurudi.

Bigirimana hakuwa na haraka. Alichukua karanga, akaimenya, akaila.

"Huyo mkwe wako yuko wapi sasa?"

"Kwao, Nyakahura."

"Anajua kwamba ni wewe?"

"Alijua kabla sijamrudisha," alisema Ildefonsa. "Alijua akanyamaza."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kana kwamba mtu amemwambia bei ya kitu na yeye anaiona ni kubwa. Akawaambia vijana wake waufunike mtungi na kuuingiza ndani. Pombe hiyo, alisema, ataionja huyo mwanamke wa Nyakahura, akiwa amekaa hapa, kwa hiari yake. Akikataa kuja, watu wa Murukulazo wafuate mtungi wao na Joan abaki kwao. Celestini alijikohoza, akakumbusha kwa sauti ndogo kwamba pombe ya ndizi haingoji watu, itachachuka.

"Ichachuke," alisema Bigirimana. "Tutainywa na ukali wake."

Njiani kurudi hakuna aliyemlaumu Ildefonsa, jambo ambalo lilimtisha zaidi. Frednand peke yake ndiye aliyesema: atakwenda Nyakahura mwenyewe kumfuata mke wake. Ildefonsa alimwambia atakwenda, ndiyo, lakini baada yake. Frednand ana lake la kujibu, na itambidi alijibu kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini hili la kwanza ni la mama, na halitumwi mtu.

Alipanda gari asubuhi, akabadilisha Benaco, akakaa dirishani. Alikuwa na maneno tayari. Aliyapanga tangu alfajiri, akayapangua, akayapanga tena. Lakini kadiri gari lilivyokwenda alianza kuyaona vizuri, na akaona kasoro yake. Alikuwa anakwenda kuomba msamaha, na kwapani amebana ombi lingine: njoo uonje, njoo uokoe posa ya mwanangu, njoo utumike tena. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yeye hata haki yenyewe alikuwa anaileta na mzigo wa kubebwa. Pale Lukole mtungi ulikuwa unazidi kuwa mkali, na hilo nalo alilileta kwa mtoto wa watu kama ni lake kulishughulikia. Vipi angesema la kwanza bila kusema la pili? Na akilisema la kwanza tu akanyamaza, si atakuwa anaficha tena? Gari lilifika Nyakahura kabla hajapata jibu.

Mama yake Nice alimpa kigoda, hakumpa maji. Alimjibu salamu, akaendelea kuchagua mchele, na hakumuuliza habari za Murukulazo, maana habari za Murukulazo alikuwa nazo ndani ya nyumba yake. Alisema tu kwamba Nice yuko shambani, atarudi akirudi. Ildefonsa akakaa. Jua lilimfuata miguuni, akaivuta miguu, likamfuata tena.

Nice alitokea kwenye kichochoro cha migomba, jembe begani, matope yamemkaukia mpaka magotini. Alikuwa amekonda. Alipomwona mgeni alisimama, na kwa kitambo kidogo uso wake haukuwa wa mkwe wala wa binti wa mtu, ulikuwa uso wa mtu mzima aliyechoka. Kisha akalitua jembe. Alifuta mikono kwenye kitenge, upande huu na upande huu, akasogea mpaka kwenye kigoda, akapiga goti chini kama alivyofundishwa na mama yake yule anayechagua mchele.

"Shikamoo, mama," alisema.

Neno la kujibu ni moja tu, na Ildefonsa alikuwa amelijibu maisha yake yote, kwa watoto, kwa majirani, kwa wapita njia, bila hata kulifikiria. Alilitafuta. Mdomo ulifunguka, na neno lile halikupatikana, na machozi yakaanza kumtoka. Mama wa Nice aliacha kuchagua mchele. Nice akabaki amepiga goti, anangoja.